Furaha na Tumaini kwa Mungu Siku za Taabu

Maneno ya katekista kwa wakristu na wageni, katika sikukuu ya yubile ya parokia

  

Tumeombwa kusema nanyi juu ya furaha ya mukristu na tumaini lake kwa Mungu wakati wa taabu. Tulipopewa kazi hiyo, sisi makatekista tuliulizana: tutasema nini mbele ya watu wanaoijua taabu kuliko sisi? Kwani katika viti vya kanisa hili wamekaa wamama waliolea watoto wengi kwa kuuza makala, wababa waliofanya kazi miaka 30 na kurudi nyumbani mikono mitupu, na vijana wenye diploma wanaobeba mizigo sokoni. Hatutawafundisha ninyi taabu. Tunataka kukumbuka pamoja namna Mungu alivyotupitisha, na kutazama kitu kimoja ambacho, kwa mawazo yetu, kinaiba furaha ya nyumba zetu kuliko njaa yenyewe.

I. Parokia iliyozaliwa siku ngumu

Miaka 50 iliyopita inchi yetu iliitwa Zaire, na jimbo letu liliitwa Shaba. Wazee wanakumbuka hali ya Eklezia siku zile. Mwaka 1972 majina ya kikristu yalikatazwa, na Kardinali Malula wa Kinshasa akalazimishwa kukaa mbali na inchi kwa miezi kadhaa. Vyama vya vijana vya dini vikafungwa. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika hesabu ya siku kubwa za serikali, na tarehe 25 ya mwezi wa kumi na mbili ikawa siku ya kazi kama zingine. Mwisho wa mwaka ule shule za Eklezia zikachukuliwa na serikali. Zilirudi mikononi mwa Eklezia kwa mapatano ya mwezi wa pili mwaka 1977. Wakati ule ule bei ya shaba ilianguka katika soko la dunia. Na mwaka 1975 njia ya reli ya Benguela, iliyobeba shaba yetu mpaka bahari ya Lobito, ikafungwa kwa sababu ya vita ya Angola.

Noeli iliondolewa katika kalendari, lakini nani angeweza kuiondoa nyumbani? Watu walitoka kazini na vumbi la kiwanda kwenye nguo, wakaingia kanisani. Mutoto aliandikwa katika vitabu vya serikali kwa jina la babu yake, jina zuri. Na jioni, karibu na moto, mama alimuita kwa jina la mutakatifu aliyebatizwa nalo. Parokia yetu ni mutoto wa siku zile. Tusishangae basi kama mifupa yake ni migumu.

Katikati ya siku zile, tarehe 9 ya mwezi wa tano mwaka 1975, Baba Mutakatifu Paulo VI aliandikia wakristu wa dunia yote barua juu ya furaha ya kikristu. Barua hiyo inaitwa kwa Kilatini Gaudete in Domino, ndiyo kusema mufurahi katika Bwana. Mutu wa Shaba angeweza kumuuliza: Baba, tufurahi kwa ajili ya nini? Lakini Baba Mutakatifu alijua neno hilo limetoka wapi. Limetoka katika barua ya Mutume Paulo kwa Wafilipi, na Paulo aliiandika akiwa kifungoni. Yule aliyewaambia wenzake wafurahi alikuwa na minyororo.

II. Furaha inayopandwa kabla ya mavuno

Tusichanganye mambo. Kicheko ni kitu chema, lakini kinaisha pamoja na kinywaji. Raha ni kitu chema, lakini inafuata mufuko: mufuko ukitoboka, raha inadondoka njiani. Furaha ya mukristu ni kujua kwamba Mungu anatupenda, na kwamba mapendo yake hayasimami siku mushahara unaposimama. Mwenye furaha hiyo anaweza kulia. Yezu mwenyewe alilia mbele ya kaburi la Lazaro, na hakuacha kuwa Mwana mupendwa wa Baba.

Eklezia inatufundisha jambo hili kwa kalendari yake. Siku ya Mungu ya tatu ya Majilio inaitwa Gaudete, na padri anaweza kuvaa rangi ya waridi. Tutazame siku hiyo inaanguka wakati gani hapa kwetu Katanga. Mvua imeanza kunyesha kwa nguvu. Muhindi wa mwaka uliopita umekwisha katika gunia, na muhindi mupya ungali majani tu shambani. Bei ya unga inapanda kila juma, na mama anapima unga wa bukari kwa kikombe. Hapo ndipo Eklezia inatuambia tufurahi kwa sababu Bwana anakuja. Haikungoja mwezi wa ine, wakati mavuno yamejaa uani, ili kutuambia neno hilo.

Mulimaji anaelewa fundisho hili mbele ya mwalimu wa teolojia. Anayepanda ametoa mukononi mbegu ambazo watoto wake wangeweza kula usiku ule. Anaziweka udongoni, mahali asipoziona tena. Hilo ndilo tumaini. Lakini mulimaji hapandi kisha akalala. Anapalilia, anafukuza ndege, anaamuka wakati jogoo linawika. Mutu anayekunja mikono na kusema kwamba Mungu atafanya yote, huyo hamutumainii Mungu, anamujaribu.

Wako pia wanaouza furaha. Wanasema: leta pesa zako za mwisho hapa mbele, na Mungu atakurudishia gari na nyumba. Mutu maskini anatoa, anangoja, na siku ya kungoja ikipita anaambiwa kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Hivi anaondoka bila pesa na bila furaha, na juu yake wamemubebesha kosa. Mungu wetu hauzi. Alichotupa pale Kalvari, alitupa bure.

III. Hofu inayotafuta mutu wa kulaumu

Sasa tufike kwa lile tulilosema linaiba furaha kuliko njaa.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa kila mwaka zaidi ya tani 400,000 za shaba. Mwaka 1990 chimbo la Kamoto, karibu na Kolwezi, liliporomoka. Mwaka 1991 maduka ya muji wetu yaliporwa. Mwaka 1994 kampuni ilitoa karibu tani 30,000 tu. Kwa watu wa Katanga hizi hazikuwa hesabu za ofisini. Shaba ndiyo iliyolipa mushahara na posho, shule ya watoto na kitanda cha mugonjwa katika hospitali. Chakula kilipopunguka mezani, hofu iliongezeka rohoni. Na hofu ina tabia moja: haiwezi kukaa bila kushika mutu. Inatafuta wa kulaumu, kwani ni rahisi kupigana na jirani kuliko kupigana na bei ya shaba.

Mwaka 1992 na 1993 hofu ile ilipewa jina la kabila. Mamia ya maelfu ya wandugu zetu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa na wasiojua muji mwingine, walifukuzwa katika Katanga. Huko Likasi jamaa nzima zilikaa kituoni majuma na miezi zikingoja gari la moshi, na mizigo yao, na wagonjwa wao. Wengi walikufa pale, wengine njiani, na watoto wadogo mbele ya wote. Kati ya waliofukuza na waliofukuzwa, wengi walikuwa wamebatizwa kwa maji yale yale na kula Mwili ule ule wa Kristu. Watu walikuwa wameahidiwa kwamba wale wakiisha kuondoka, kazi itatosha na furaha itarudi. Je, ilirudi? Hesabu ya mwaka 1994 tumekwisha kuitaja. Na mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi wakipewa kiasi cha pesa, nao walikuwa watu wa kila kabila. Njaa haikuuliza mutu anasema luga gani nyumbani kwake.

Lakini siku zile zile kulikuwa watu waliofanya namna ingine. Kulikuwa nyumba zilizoficha jirani. Kulikuwa wakristu na watawa waliopeleka chakula na dawa kwa wale waliongoja gari la moshi. Hao hawakuwa na unga mwingi kuliko wengine, wala hawakukosa hofu. Lakini walimutumainia Mungu kwa kiasi hiki: walikataa kuamini kwamba chakula cha watoto wao kinaweza kutoka katika kinywa cha mutoto wa jirani. Wandugu, tumaini kwa Mungu linapimwa pale.

Leo hofu ile ile imepata jina lingine, nalo ni jina la mutoto. Baba amepoteza kazi, ama ugonjwa umekaa nyumbani bila kutoka. Kuna mutoto anayekojoa kitandani, ama anayesema usiku katika ndoto, ama yatima aliyeletwa kwa shangazi yake. Mutu mumoja anasema: ni huyu mulozi anayefunga bahati yetu. Wanamupeleka kwa wanaojiita manabii, wanamunyima chakula siku nyingi, wanamupiga ili akubali. Mwisho tunamukuta sokoni, amelala juu ya karatasi, na jina lake hakuna anayeliita tena. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 ya mwezi wa kwanza mwaka 2009, juu ya ulinzi wa mutoto, inakataza kumushitaki mutoto ulozi, na inatoa azabu kwa anayefanya hivyo. Lakini mukristu hakuhitaji kungoja sheria ile. Herode aliogopa juu ya kiti chake, akatafuta mutoto wa kuua. Yezu, wanafunzi waliposhindana juu ya ukubwa, alichukua mutoto na kumusimamisha katikati yao. Siku ya shida kila nyumba inachagua kumufuata mumoja wa hao wawili.

Mukumbuke pia kitabu cha Yobu. Marafiki walikuja kumufariji, na siku saba walikaa chini pamoja naye wakinyamaza. Hapo walifanya vizuri. Kisha walifungua kinywa na kuanza kutafuta kosa: lazima kuna mutu aliyekosa, kwani mateso hayaji bure. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, na anaagiza Yobu awaombee. Yobu alimulilia Mungu, alimuuliza, hata alimulalamikia. Lakini hakumuacha, wala hakutafuta mutu wa kumutupia mateso yake. Kwa hiyo anayelia mbele ya Mungu asiambiwe kwamba amepoteza imani. Bado anasema na Baba yake.

IV. Wawili waliokataa hofu

Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika katika muji huu mwaka 1911, wana nyumba hapa Lubumbashi inayopokea watoto wa barabarani. Nyumba hiyo inaitwa kwa jina la Bakanja, na jina hilo limechaguliwa vizuri.

Isidori Bakanja alikuwa mulei kama sisi. Alikuwa mufanyakazi, alibatizwa mwaka 1906, na mafundisho aliyoyapokea aliyapeleka kwa wenzake bila kutumwa na mutu. Katika shamba kubwa la wazungu alimofanya kazi, aliambiwa avue skapulari ya Mama Bikira Maria. Alikataa, akapigwa kwa ukali hata mugongo wake ukawa kidonda kimoja. Aliteseka miezi mingi, akafa tarehe 15 ya mwezi wa nane mwaka 1909. Mbele ya kufa alimusamehe yule aliyemupiga, na aliahidi kumuombea mbinguni. Yohane Paulo II alimutangaza mwenye heri mwaka 1994. Mateso yake yalikuwa na mwenye kosa aliyejulikana kwa jina, na hata huyo Bakanja hakumuchukia.

Wa pili ni wa siku zetu. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa miaka 26, mutumishi wa ofisi inayochunguza vyakula vinavyoingia mupakani Goma. Alipewa pesa ili aache mizigo ya chakula kilichooza ipite. Akakataa, kwani alifikiri juu ya watu watakaokula. Aliuawa katika mwezi wa saba mwaka 2007, na tarehe 15 ya mwezi wa sita mwaka 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma. Sisi tunaoishi karibu na mupaka wa Kasumbalesa, tunaelewa vizuri alichokataa. Angeweza kusema: nyakati ni ngumu, jamaa yangu inangoja, kila mutu anafanya hivi. Mwaka 1976 Askofu Mukubwa wetu Eugène Kabanga alikuwa amekwisha kutuonya juu ya jambo hilo, katika barua yake ya kichungaji aliyoiita «Je suis un homme», ndiyo kusema Mimi ni mutu. Alionyesha namna kiu ya pesa inavyoua mutu ndani ya mutu. Bwana Chui alibaki mutu. Mutu anayejua kwamba maisha yake yako mikononi mwa Mungu, hawezi kununuliwa.

V. Yubile na kazi zake

Katika sheria ya Musa, yubile ni mwaka wa makumi tano. Mwaka ule shamba lilirudi kwa mwenyewe, na aliyekuwa mutumwa alirudi kwa jamaa yake. Kwa hiyo yubile ni zaidi ya ngoma na karamu, hata kama ngoma na karamu vinafaa. Yubile ni mwaka wa kurudisha watu nyumbani. Ndiyo maana tunaomba parokia yetu ishike kazi tatu.

Ya kwanza: katika jumuiya zetu ndogo, mutu asikae peke yake na shida yake. Tuna likelemba za pesa. Tuwe na likelemba ya kutembeleana pia. Asiyeonekana misa siku mbili za Mungu, mutu aende kubisha mulango wake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ya pili: mutoto asifukuzwe. Jamaa yenye hofu ije kwanza kwa jumuiya na kwa padri, mbele ya kwenda kwa nabii yeyote. Na jumuiya isiitume irudi na sala peke yake: itafute unga, itafute dawa, itafute nafasi ya shule. Na kama kuna mutoto wa nyumba zetu anayelala inje usiku huu, mwaka huu wa yubile ndio mwaka wake wa kurudi. Hivyo hivyo wandugu zetu wa Goma na Bukavu, miji iliyochukuliwa kwa vita mwanzo wa mwaka 2025: wakifika kwetu, waulizwe kama wamekula, mbele ya kuulizwa kabila lao.

Ya tatu: tusiache kuimba. Paulo na Sila waliimba kifungoni usiku wa manane, na miguu yao ilikuwa imefungwa katika miti. Hawakungoja milango ifunguke ndipo waimbe. Na kitabu cha Matendo ya Mitume kinasema kwamba wafungwa wengine walikuwa wakisikiliza. Pengine mutu aliye karibu na kukata tamaa anapita nyuma ya kanisa hili siku ya mazoezi ya koro. Hatujui nani anatusikiliza.

Kwenu ninyi wapadri wetu, tunaomba neno moja kwa heshima. Mbele ya kutuhubiri tumaini, muje mukae kwanza katika nyumba zetu, katika kiti kidogo, karibu na mugonjwa, mahali ambapo hakuna umeme wala maji. Mutu akitoka katika nyumba ile, neno lake altareni linakuwa na uzito mwingine. Wapadri waliotangulia katika parokia hii waliotufanyia hivyo, tungali tunawaombea kwa majina yao.

Wandugu wapenzi, hatujui miaka 50 inayokuja itatuletea nini. Bei ya shaba itapanda na kushuka, watawala watapita, mvua itachelewa mwaka mumoja na kuzidi mwaka mwingine. Lakini siku ya Mungu ya tatu ya Majilio itafika kila mwaka, muhindi ungali majani, na tutaambiwa tena tufurahi. Siku hiyo tutazame kuzunguka meza yetu. Kama wote waliozaliwa na waliopokelewa katika nyumba ile wangali wameketi pale, hata bukari ikiwa ndogo, furaha ya Bwana imepata mahali pa kukaa.

Mungu Baba, aliyeanza kazi hii kwetu, aitimize. Mama Bikira Maria na wenye heri wa inchi yetu watuombee. Yubile njema kwenu ninyi wote!